Goti la Nasiri

Mwaka 1993, mtaa wa Chang'ombe mjini Dodoma ulikuwa na jina moja tu mdomoni: Nasiri. Jina lake kamili ni Abdulnasiri. Alichezea timu ya Zabibu, na mguu wake wa kushoto uliwatia hofu makipa.

Kaka yake, Abdulswamadu, aliuza mitumba. Kila asubuhi alitandika turubai na kupanga mashati. Wateja walikuja, lakini wengi hawakutazama mashati.

"Nasiri ameamkaje?" waliuliza. "Jumamosi atacheza?"

"Atacheza," alijibu Abdulswamadu, huku moyo ukimchoma.

Nani alimfundisha Nasiri kupiga mpira kwa kushoto? Ni yeye. Zamani yeye ndiye aliyekuwa hodari. Kisha aliumia goti, na tangu hapo anachechemea. Mama yao, Bi Zuleha, alipomwekea Nasiri nyama kubwa sahanini, Abdulswamadu alishindwa kumeza tonge.

Jumamosi ikafika. Zabibu walicheza na timu ya Kibakwe. Nasiri alifunga bao moja. Alipokimbilia la pili, aligongwa, akaanguka, akapiga kelele. Wakambeba hadi nyumbani. Goti lilikuwa limevimba.

Bartolomayo, kiongozi wa timu, alikuwa na wasiwasi.

"Mama, chemsha maji yenye chumvi," alisema. "Tumkande kwa nguvu. Jumamosi ijayo ni fainali. Lazima acheze."

Abdulswamadu alisimama mlangoni. Alijua kuwa hilo ni kosa. Jirani yao, muuguzi Editha, aliwahi kumwambia wazi: "Goti lako lilikandwa kwa maji ya moto siku ileile ulipoumia. Ukarudi uwanjani kabla halijapona. Ndiyo maana limeharibika."

Nasiri alimtazama. Jasho lilimtoka.

"Kaka, wewe uliumia hivihivi. Nifanyeje? Nikandwe?"

Abdulswamadu alikumbuka watu wote waliomuulizia Nasiri. Akasema, "Kandwa tu. Utapona."

Wakamkanda. Nasiri alilia kama mtoto.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba zaidi. Nasiri hakuweza kukanyaga chini. Hata hivyo alisema, "Kaka ameniambia nitapona. Mama, teleka maji tena."

Maneno hayo yalimkata Abdulswamadu maini. Alitoka bila kuvaa viatu, akachechemea hadi kwa Editha.

"Sista, njoo. Nimemponza mdogo wangu."

Editha alikuja haraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie."

Editha aliitazama sufuria iliyokuwa ikitoa mvuke. "Ondoeni maji hayo. Goti likiumia, ndani kunavuja damu na maji. Ukilitia moto na kulikanda, uvimbe unaongezeka. Siku mbili tatu za kwanza, msikande wala msichue."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Bi Zuleha.

"Apumzike. Chovyeni kitambaa kwenye maji baridi, mkiweke juu ya goti kwa dakika kumi na tano au ishirini. Rudieni mara kadhaa kwa siku. Mkipata barafu, ifungeni kwenye kitambaa, isiguse ngozi. Mfungeni bendeji, lakini isibane. Vidole vikifa ganzi, ilegezeni. Mguu ukae juu ya mito. Na kwa kuwa hawezi kukanyaga, leo hii apelekwe hospitali."

"Na fainali?" aliuliza Bartolomayo, aliyekuwa amefika.

"Fainali itakuja nyingine," alijibu Editha. "Goti jingine halitakuja."

Abdulswamadu aliinama. "Nasiri, mimi nilijua haya yote. Nilikudanganya makusudi. Nilikuonea wivu."

Nasiri aligeukia ukutani. Siku tatu hakusema naye. Siku hizo zote Abdulswamadu ndiye aliyechovya kitambaa na kukikamua. Siku ya nne Nasiri alisema, "Kaka, hapo umekaza sana." Abdulswamadu akailegeza bendeji.

Siku ile ya kwanza hospitalini, daktari alikuwa amesema kano inayoshika mifupa ya goti imechanika kidogo. Nasiri alipumzika miezi mitatu. Alifanya mazoezi polepole, kama alivyoelekezwa. Zabibu walifungwa kwenye fainali, na watu wengine walinung'unika. Lakini msimu mpya Nasiri alirudi, akafunga mabao kumi na moja.

Bartolomayo naye alijifunza. Alimwomba Abdulswamadu akae kando ya uwanja na ndoo ya maji baridi na bendeji. Mchezaji akiumia, wa timu yoyote, yeye ndiye wa kwanza kufika. "Msimkande!" alipaza sauti.

Wivu wa Abdulswamadu haukuisha mara moja. Siku nyingine mashabiki walipoimba jina la Nasiri, alihisi ule moto kifuani. Basi alishika ndoo yake akaenda kuijaza.

Nasiri alicheza misimu sita zaidi. Siku aliyostaafu, alitoka uwanjani akitembea sawasawa kwa miguu yote miwili. Abdulswamadu alilitazama goti lile.

"Hilo nimelitunza mimi," alimwambia shabiki aliyesimama kando yake. Kisha akaona haya kidogo, akaongeza, "Mimi na Sista Editha."