Samaki wa Mama

Jioni, nyumbani kwa akina Boke kule Makoko, kando ya ziwa, chakula kilipakuliwa kwa namna iliyowachekesha majirani. Ugali wa Boke ulijaa sahani. Ugali wa mama yake ulikuwa tonge moja tu, limewekwa kwenye kisahani cha kikombe cha chai. Pembeni ya tonge hilo kilikaa kipande kinono cha sato, kimechemshwa kwa nyanya na ndimu. Huyo alikuwa samaki wa mama, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumgusa.

Kisahani hicho kilikuwa na sababu. Miezi michache nyuma, Mama Boke alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo huko Dar es Salaam. Alikuwa mzito mno. Magoti yalimuuma, sukari ilipanda, na Jumapili alifika kanisani akihema wakati watu wanatoka. Madaktari waliupunguza mfuko wake wa chakula tumboni ukabaki mdogo kama ndizi. Wakamwagiza ale kidogo kidogo, aanze na samaki, yai au maharage, kisha ugali, na atembee kila siku. Uzito ukaanza kushuka. Magoti yakanyamaza. Mama akaanza kuimba tena akifua nguo, na Boke, bintiye aliyekuwa darasa la sita, alifurahi kupita kiasi.

Halafu ikaja habari ya harusi. Mama mdogo Lilian angeolewa Bunda, na ndugu wote wa kike walichagua kitenge cha sare. Mama Boke alikipeleka kwa fundi Omari, pale Nyasho.

"Kiunoni punguza," alimwambia fundi, aliyeshika utepe wa kupimia. "Punguza tena."

"Mama, nguo inapimwa mwilini, haipimwi kwenye matumaini," Omari alisema.

"Wewe shona tu. Harusi ikifika, na mimi nitakuwa nimefika."

Omari alicheka, akakata kitambaa.

Kumbe mizani nayo ilikuwa na mipango yake. Wiki hiyo haikushuka. Wiki iliyofuata ikabaki palepale. Mama Boke alipanda, akashuka, akavua kandambili, akapanda tena. Wapi! Jioni ile akakisukuma kipande cha sato kwenye sahani ya Boke.

"Kula wewe, mwanangu. Wewe bado unakua."

"Na wewe, mama?"

"Nimeshiba. Halafu usimwambie baba yako. Unamjuaga alivyo, ataacha kazi aje kunichunga."

Baba yake Boke, mzee Paschal, alikuwa fundi wa mitambo huko Buhemba na alirudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Jioni nyingine zote alipiga simu, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mama yako amekula samaki wake?"

"Amekula," Boke alijibu, huku anajilamba vidole.

Tuseme ukweli, sato yule alikuwa mtamu. Siku za kwanza Boke hakuona ubaya wowote. Mama mwenyewe ndiye aliyempa, yai asubuhi na samaki jioni. Lakini kadiri siku zilivyopita, neno "amekula" lilianza kumkwama kooni kama mwiba. Mama alikuwa amebadilika. Zamani walitembea kandokando ya ziwa wakipiga soga. Sasa mama alikwenda kwa miguu hadi Nyasho na kurudi, asubuhi na jioni, tumboni mna chai ya rangi tu. Hakuimba tena. Alisikia baridi mchana kweupe. Siku moja Boke alipokuwa akimsuka, nywele zilibaki kwenye kitana, nyingi, na mama akasema ni kitana kibovu.

Kisha, njiani kutoka Nyasho akiwa na Boke, mama alishika ukuta wa duka moja na kuteleza taratibu mpaka chini. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mwenye duka alikimbia na maji na kiti.

"Ni jua tu," mama alisema alipopata sauti.

Jua lenyewe lilikuwa limejificha mawinguni tangu asubuhi. Boke alimshika mama mkono mpaka nyumbani, akiogopa kuliko siku zote za maisha yake. Usiku ule baba alipopiga simu, Boke alimpa mama simu aongee mwenyewe.

Siku ya kliniki ilipofika, shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Boke alimsindikiza. Mtaalamu wa lishe, Bi Stellah, alimpima mama, akatazama macho yake na kucha zake.

"Mama Boke, unakula vizuri?"

"Nakula vizuri tu, dada. Kila kitu mlichoniambia."

"Na samaki?"

"Kila siku."

Boke alitazama sakafu. Akisema, atamwaibisha mama mbele ya mtu. Asiposema, je, mama akianguka tena barabarani, na safari hiyo kuna gari? Machozi yalimtangulia maneno.

"Samaki ninakula mimi," alisema. "Mayai pia. Na juzi alianguka."

Mama alimgeukia kwa jicho lile la tutaonana nyumbani. Bi Stellah hakumgombeza mtu. Alivuta kiti chake karibu.

"Mbona umejinyima hivyo, mama?"

"Mizani imegoma," mama alisema. "Tumbo nimekatwa, watu wote wanajua. Nikishindwa sasa, nitaficha wapi uso?"

"Hujashindwa. Mizani kusimama kwa muda hutokea kwa karibu kila aliyefanyiwa upasuaji huu, hata anayefuata masharti. Sasa nisikilize. Mwili haujui kwamba Bunda kuna harusi. Ukiunyima chakula, unadhani njaa imeingia. Unafanya kama mwenye nyumba anayeona unga unaisha: unabana matumizi. Unakuchosha, unakutia baridi, na kasi yake ya kutumia chakula inashuka."

"Lakini ninatembea sana!"

"Ndiyo, na kutembea ni kuzuri. Ila nguvu ya kutembea inatoka kwenye chakula. Kipimo cha nguvu hiyo ndicho tunachokiita kalori. Ukitumia nyingi huku unaingiza chache mno, na protini, ile ya samaki na mayai, huli, mwili unaanza kubomoa misuli yako. Misuli ndiyo inayotumia kalori hata ukiwa umelala. Wewe unafukuza wafanyakazi, halafu unashangaa kazi haiendi."

Boke alicheka huku analia. Hata mama alitabasamu kidogo.

Bi Stellah akaagiza vipimo vya damu na kupanga mambo upya: samaki au yai kwanza katika kila mlo, vidonge vya vitamini bila kuruka, maji kidogo kidogo katikati ya milo, matembezi ya wastani, na mazoezi mepesi ya kujenga misuli atakapopata nguvu.

Njiani, walipoliona ziwa, mama alisimama.

"Umeniaibisha leo," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Sijamaliza. Mimi ndiye nilikupa kazi mbaya. Mtoto hapewagi siri ya kumwumiza mzazi wake. Jioni baba yako akipiga, mwambie yote."

Boke alimwambia yote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema asante.

Baada ya hapo kisahani kilirudi kazini. Mama alikula sato wake polepole, akitafuna sana. Walitembea jioni tu, wakipiga soga kama zamani, na asubuhi mama aliketi kitini na kuinuka, tena na tena, huku Boke akimhesabia kwa makeke ya mwalimu wa michezo. Rangi ilimrudi midomoni. Wimbo ukarudi kwenye beseni la nguo. Mizani nayo, ilipoona hakuna anayeigombeza, ikaanza kushuka tena, polepole.

Hata hivyo, siku ya kuchukua gauni, zipu iligoma katikati ya mgongo. Mama alisimama mbele ya kioo cha fundi Omari, Boke akabana pumzi.

"Niliacha kitambaa ndani ya mshono," Omari alisema. "Fundi huwa anaachaga. Kaa kidogo, nikupanulie."

Mama alicheka mpaka akashika meza.

Huko Bunda alicheza mbele ya bibi harusi bila kuhema. Chakula kilipokuja, Boke alipeleka mkono kwenye samaki wa mama kwa mazoea, akapigwa kofi dogo la vidole.

"Huyu wangu. Wako huyo hapo."

Mzee Paschal alikuja akaketi karibu na binti yake.

"Siku ile ulinitia hofu," alisema. "Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Ukimpenda mtu, usimfichie kinachomwumiza, hata akikuomba mwenyewe. Na mwili ni hivyohivyo, mwanangu: hauendeshwi kwa kukomolewa. Upe haki yake, nao utakupa nguvu."

Kisha akaangalia upande wa mkewe, aliyekuwa amesimama kucheza tena.

"Haya, mama yako amekula samaki wake?"

Boke alitazama kisahani. Ilibaki miba mitupu.

"Amekula, baba," alijibu, na safari hii neno halikukwama popote.