Kitambaa Kilichochanwa Pembe

Gauni lilikuwa limeshonwa kupita pale alipoishia. Verediana aliligeuza, akaliangalia tena. Jana aliachia kwapani. Sasa ubavu wote ulikuwa umekwisha kushonwa, kwa mishono midogo kama mbegu za ulezi, na mkono wake haukuwa na ufundi huo. Nyumbani pale mtaa wa Soweto walikuwa wawili tu, yeye na bintiye Yusta, mtoto wa chekechea. Mumewe, Lutengano, alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu.

"Labda nilishona nikiwa na usingizi," alijiambia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Verediana, mzaliwa wa Iringa, alikuwa mbanaji wa matumizi hadi majirani walimtania. Fundi cherehani alipomzungusha sana, aliamua kumshonea Yusta gauni mwenyewe. Kwenye kopo la biskuti alipanga sindano, pini, nyuzi, mkasi, futi ya kupimia na chaki. Kitambaa alikipata mnadani, chini kabisa ya rundo: cha bluu, maua meupe, kizito, kwa bei ya kutupa. Pembe moja tu ilikuwa imechanwa. Muuzaji alikifunga haraka bila kumtazama usoni, naye Verediana akaondoka anachekelea.

Alipokipiga pasi, chumba kilinuka udongo uliochimbuliwa. Kisha zikaja sauti, mchana kweupe, ukungu ukiwa umeziba dirisha: nguo ikichanwa taratibu nyuma ya pazia, ikinyamaza akisogea, ikianza tena akirudi jikoni, mpaka akawa anapika huku mgongo wake ukielekea pazia, akiogopa kugeuka na akiogopa zaidi kutogeuka.

Jumapili alimvisha Yusta gauni. Mchana huohuo mama mkwe wake, Bibi Tusekile, akaingia na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu. Macho yake yaliangukia kipande kilichobaki mezani, chenye pembe iliyochanwa.

"Mama Yusta, nani kafariki?"

"Hakuna, mama. Nimenunua mnadani, nimemshonea mtoto."

Bibi aliketi ghafla. "Kwenye ukoo wetu, kitambaa cha kumfunika marehemu tunakichana pembe, ajue ni chake. Hiki wamekifukua kaburini, mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

Yusta alikuwa amelala kitandani, macho wazi. Mikono ya gauni ilikuwa imefungwa kwa mishono ile midogo, vidole vikiwa ndani, na shingo ya gauni ilizidi kubana huku wakiiona. Verediana alikwapua mkasi.

"Usikate!" Bibi alimshika mkono. "Tazama shingoni. Mshono umepita kwenye ngozi."

Kweli ulikuwa umepita. Verediana aliuweka mkasi chini.

"Wewe marehemu, unataka nini?" Bibi aliuliza kwa kunong'ona.

Midomo ya Yusta ilifunguka, ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima. "Wamenivua. Nasikia baridi."

"Tutakurudishia kitambaa chako. Leo hii."

"Mmeshakikata."

 Machozi yalimtoka Bibi. "Kyala, Mungu wangu," alinong'ona, "hapo sina neno."

Shingo ikabana tena, na midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya bluu, na Verediana, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kupunguziwa bei, alipiga magoti kando ya kitanda, akasema bila kuuliza chochote, "Mwache. Chukua joto langu mimi."

 Kisha nyuzi zikaanza kufumuka zenyewe, mmoja mmoja. Yusta alikohoa, akalia kwa sauti yake.

Sasa wanaishi Makongolosi na Lutengano. Saa sita, jua likiwa kali, utamkuta Verediana ameketi nje na masweta mawili, anatetemeka. Yusta ni mzima, anakimbia, anacheka. Ila mama yake akimkumbatia, midomo ya mtoto inageuka bluu. Kwa hiyo hamkumbatii.