Mwezi wa Kuuona Mlima

Kidoti alipotoka shule hakuwa na haja ya kuuliza mama yake yuko wapi. Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba cha ushonaji kilikuwa mbele ya nyumba yao, mlango ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa na kiti cha Bibi karibu na dirisha. Kidoti alivua mkoba, akachukua sumaku na kuanza kazi yake ya kila siku ya kuokota pini sakafuni. Bibi naye alikuwa akishona vifungo kwenye mashati ya wanafunzi.

Bibi alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne aliwapokea watoto wa mtaa ule, kwa hiyo hakuna aliyepita dirishani bila kumsalimu.

"Shikamoo, Mkunga!" kijana mmoja wa baiskeli aliita.

"Marahaba! Wewe si ndiwe uliyezaliwa ukipiga chafya?"

Kijana alikanyaga pedali upesi kabla wenzake hawajasikia zaidi. Kidoti alicheka hadi sumaku ikamponyoka. Yeye mwenyewe aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni, na jina lake la kwenye daftari la mahudhurio lilitumiwa na mwalimu peke yake.

Siku hiyo simu ya Mama iliita. Alikuwa Mjomba, kitinda mimba wa Bibi, aliyekuwa akifanya kazi ya kuoka mikate ng'ambo.

"Mama, mambo yamekamilika!" alimwambia Bibi kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Mwaka huu unakuja kunitembelea, wewe na Kidoti. Nitawapeleka kwenye lile ziwa la milimani."

"Lile unalonisimulia siku zote, lenye mlima wa theluji?" Bibi aliuliza, sindano ikiwa imesimama hewani.

"Lilelile. Ila chagueni mwezi mzuri. Mimi nakaa mjini na tanuri langu, huko ziwani ni saa sita kwa treni, na sijawahi kufika. Nasikia ukikosea majira unarudi hujaona kitu."

Bibi alipiga vigelegele mpaka wateja wakachungulia. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Kidoti, wewe ndiwe unayeijua lugha yao, mnaisoma shuleni. Tafuta kwenye simu uniambie twende mwezi gani."

Kidoti alikaa chini ya meza ya kukatia na simu ya mama yake. Haikuchukua muda kupata ukurasa unaolihusu ziwa lile. Juni, ukurasa ulieleza, siku ni ndefu, milima imejaa maua na mashua hutembea kila siku. Desemba ni baridi kali na ukungu mzito. Mashua husimamishwa, na mlima unaweza kujificha hata wiki nzima.

Kidoti alivunjika moyo. Juni ndio mwezi wa mitihani ya nusu mwaka. Mama asingekubali akose mtihani hata kwa safari ya mwezini. Bibi angeondoka peke yake, na yeye angebaki kuokota pini. Desemba, kwa upande mwingine, shule zinafungwa mwezi mzima.

"Haya, wanasemaje?" Bibi aliuliza kutoka dirishani.

"Desemba, Bibi," Kidoti alisikia mdomo wake ukisema. "Desemba anga ni safi kabisa. Juni ndio kuna ukungu."

"Juni ukungu! Ajabu ya nchi za watu," Bibi alisema, akacheka. Kidoti naye alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

Tangu siku hiyo, Bibi hakushikika. Kila asubuhi alipanda kilima cha tangi la maji na kushuka, eti anaizoesha miguu milima. Akikutana na mwanamke mjamzito alimwonya kwa uso mkavu, "Desemba mimi sipo. Mtoto wako mwambie anisubiri mpaka Januari!" Mama naye alianza kumshonea koti zito lenye bitana mbili.

Uongo mmoja haukutosha. Bibi alipouliza huo ukungu wa Juni unatoka wapi, Kidoti alisema unatoka ziwani. Alipouliza mbona Desemba hautoki, Kidoti alisema unakuwa umeganda. Bibi alitikisa kichwa kwa mshangao, na kesho yake akawasimulia wateja watatu habari za ukungu unaoganda. Kidoti alitamani kujificha ndani ya mtumba wa vitambaa.

Jumamosi, wakiwa kwenye chakula cha mchana, Mjomba alipiga tena. "Basi ni Desemba, siyo? Jumatatu naandikisha likizo yangu. Huku likizo ikishaandikishwa, habadilishiwi mtu."

"Andikisha, mwanangu!" Bibi alisema. "Safari hii ni moja tu maishani mwangu. Magoti haya hayataniruhusu nyingine. Nataka niuone huo mlima, nishibe."

Kidoti aliweka kijiko chini. Chakula hakukimaliza.

Jumapili alasiri, Mama alimwita Bibi kujaribu koti. Bibi alisimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha, koti limejaa pini kuanzia kwapani hadi kwenye pindo. Jasho lilimtiririka, kwa kuwa nje jua lilikuwa kali.

"Mama, usitikisike," Mama alisema, pini tatu zikiwa mdomoni.

"Nisitikisike nimekuwa nguzo? Harakisha, naiva humu!"

Kidoti alisimama mlangoni. Alijua kwamba kesho Mjomba ataandikisha likizo, na Bibi atasafiri mbali kote kule kwenda kutazama ukungu.

"Bibi," alisema. "Nilikudanganya."

Mama alitoa pini mdomoni. Bibi alitaka kugeuka, pini ikamchoma, akabaki vilevile kama sanamu. "Umenidanganya nini, mjukuu wangu?"

Maneno yalimtoka Kidoti kwa pamoja, na machozi pia. "Desemba ndio kuna ukungu. Mashua hazitembei. Juni ndio mwezi mzuri, lakini Juni nina mitihani, nikaona utaniacha. Na ukungu haugandi, Bibi. Nilitunga tu."

Mama alifungua kinywa, lakini Bibi alimzuia kwa macho.

"Nivue koti kwanza," alisema polepole. Alipokwisha kuvuliwa, aliketi na kujipepea kwa kipande cha kitambaa. "Kidoti, mimi lugha ile siijui. Nilikupa wewe uwe macho yangu. Umeniumiza."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusikia. Sasa leta simu. Safari hii soma kilichoandikwa, si unachokitaka."

Kidoti alifuta machozi na kusoma, neno kwa neno, Juni na Desemba. Alipomaliza, Bibi aliuliza, "Na miezi mingine kumi imeenda wapi?"

Kidoti aliutazama tena ukurasa. Alipoiona Juni aliogopa, na alipoiona Desemba alikimbilia huko. Hakuwahi kuendelea mbele.

"Na tena," Bibi aliendelea, "huo uzuri wa Juni ni uzuri wa nini?"

"Wa maua, Bibi."

"Maua! Nani amekwambia nafuata maua? Maua nimeyaona tangu nikiwa mtoto. Mimi nataka mlima. Hukuniuliza."

Mama alimpa Kidoti simu. "Utampigia mjomba wako sasa hivi. Utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako, na utamwomba radhi. Halafu tutasikia."

Kidoti alieleza yote bila kuruka kitu. Mjomba alivuta pumzi ndefu. "Aisee, Kidoti! Ningeandikisha kesho saa mbili asubuhi." Kisha akakumbuka jambo. "Lakini ngoja. Kuna mama mmoja mteja wangu, nahodha wa mashua za ziwa lile. Anakuja mjini kila wiki kumwona binti yake, na mkate hanunui kwa mtu mwingine. Kama mnataka mlima, yeye ndiye wa kumuuliza. Nina namba yake."

Saa nzima walisubiri. Bibi alishona kifungo kimoja mara mbili, Mama akapiga pasi kitambaa kilichokuwa kimeshapigwa. Simu ilipoita, Mjomba alikuwa akicheka.

"Nahodha anasema wanaotaka maua waje Juni, ila mchana mawingu huja na kuufunika mlima. Wanaotaka mlima waje mwisho wa Agosti. Wageni wengi wameshaondoka, na asubuhi anga husafishika. Kidoti, Agosti shule inasemaje?"

"Tunafunga!" Kidoti aliruka. "Wiki tatu nzima!" Kisha akakumbuka, akamtazama Bibi. "Yaani... kama Bibi bado anataka kwenda na mimi."

Bibi alimkazia macho kwa muda, mpaka Kidoti akainamisha kichwa. Halafu akacheka kicheko chake kikubwa. "Nitaachaje kukuchukua? Nani atanishika mkono kwenye mashua? Lakini ukungu ulioganda utakwenda kuwasahihishia wale wateja wangu watatu, mmoja mmoja."

Kidoti alikwenda. Wa kwanza alimcheka, wa pili alimhubiria, wa tatu alisema hata yeye hakuamini. Juni alifanya mitihani yake yote, na Agosti ikafika.

Asubuhi ya pili kule ziwani, walipanda mashua ya yule nahodha, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu. Mjomba alikaa mbele akikumbatia mfuko wa mikate yake. Walipozunguka kona ya mwamba, mlima ulijitokeza wote kwa mara moja, mweupe kuanzia kileleni hadi mabegani, bila wingu hata moja. Chini yake ulikuwepo mwingine, umelala kichwa chini ndani ya maji.

Bibi hakupiga vigelegele. Aliutazama tu, mkono wake umeushika wa Kidoti.

"Bibi," Kidoti alinong'ona, "nilidhani nikisema kweli nitaikosa safari."

"Najua. Uliogopa, ukalifungia jambo ndani ya kichwa chako, na humo mlikuwa na miezi miwili tu. Ulipolitoa, mimi nikauliza, mjomba wako akafikiri, na huyu nahodha ambaye hata hatujuani akatupa jibu. Ukisema kweli, watu wanaweza kukusaidia. Ukidanganya, wanakusaidia kupotea, tena kwa moyo mmoja."

Nahodha aliuliza Bibi anasema nini. Kidoti alivuta pumzi na kumfasiria yote, hata ile sehemu iliyomhusu yeye. Nahodha alicheka mpaka kofia ikamwinamia machoni, akazima injini, akaiacha mashua ielee.

"Mwambie bibi yako atazame apendavyo," alisema. "Leo hatuna haraka."

Kidoti alimwambia Bibi maneno hayohayo, bila kupunguza wala kuongeza.