Uzi Mwekundu Kwenye Mtungi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya uji kulia, Monicah alikuwa amekwisha kuuliza maswali matano. Mbona ukungu wa Wamagana, mahali pa kambi yao, ulikataa kuondoka hata jua lilipochomoza? Mbona uji wa kambini ulikuwa mtamu kuliko ule wa kwao Kiganjo? Wenzake walikuwa wamembandika jina la Mbona, naye hakuchukia hata kidogo.

Swali lililomkereketa zaidi lilikuwa juu ya wazee. Kambi hiyo ya kanisa, iliyofanywa kila likizo ya Agosti, ilikuwa ya watoto wa miaka kumi hadi kumi na minne. Lakini ukiingia jikoni huoni mtoto. Unaona wazee saba wenye mvi na masweta mazito, waliojitolea kufanya kazi wiki nzima bila malipo. Bibi aliyesimamia sufuria alikuwa Cucu Nyaguthii, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Babu aliyesimamia maji alikuwa Guka Wambugu, mrefu kama mlingoti, aliyeendesha lori la majani chai huko Kangari hadi alipostaafu.

"Cucu," Monicah aliuliza akiwa kwenye foleni ya uji, "mbona hamkai nyumbani mkaota moto?"

"Moto naota hapa, tena mkubwa kuliko wangu," Cucu Nyaguthii alijibu huku akikoroga. "Lete bakuli."

"Wamefuata chapati za Jumapili," Mutahi, mvulana aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, alimnong'oneza Monicah sikioni.

"Nimekusikia, Mutahi! Jumapili utakuwa wa mwisho kwenye foleni."

Watoto wakacheka. Monicah alicheka pia, lakini jibu halikumtosha. Macho yake yalikuwa kwa Guka Wambugu. Babu huyo alipita mbele ya mitungi ya plastiki iliyopangwa ukutani, yote ya manjano, yote kumi na minane, akigusa vishikio kimoja kimoja. Baadhi ya vishikio vilifungwa uzi mwekundu wa sufu, kama ule ambao Cucu Nyaguthii alifumia masweta. Monicah hakuuliza nyuzi hizo zilikuwa za nini. Alijijibu mwenyewe: ni mapambo ya cucu tu.

Alasiri ya siku hiyo, Alhamisi, kulikuwa na michezo. Monicah na Mutahi walikuwa katika kikosi chekundu, na vikosi vingine vyote vilikuwa na vitambaa vya kufunga mkononi. Wao hawakuwa na kitu.

"Ati tutajulikana vipi?" Mutahi alilalamika. "Kwa sura zetu?"

Monicah akakumbuka mitungi. Wazee walikuwa ukumbini wakinywa chai. Aliingia jikoni, akafungua nyuzi zote kumi, akazisuka bangili kumi za kikosi kizima akiwa ameketi kwenye nyasi. Kikosi chekundu kilishinda mbio za magunia, na Monicah akabebwa juu juu kama malkia.

Ijumaa ndiyo siku aliyoingojea mwaka mzima: safari ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, kandokando ya msitu wa Nyandarua. Mwaka jana alikuwa na homa, akabaki. Safari hii alikuwa amevaa viatu tangu alfajiri. Alipokuwa akiingia jikoni na chupa yake tupu, alimsikia Cucu Nyaguthii akimwelekeza bibi mwingine aliyefika jana jioni.

"Chupa za safari jaza kutoka kwenye mitungi yenye uzi. Maji yake ndiyo yaliyochemshwa kwa ajili ya safari, tumeyaacha yapoe tangu juzi bila kuguswa. Ya mitungi isiyo na uzi ni ya kuoshea vyombo, yametoka mtoni moja kwa moja. Ngoja kwanza nikatoe chumvi stoo, nakuja."

Mabibi hao wawili walitoka. Monicah alibaki amesimama, mkono mmoja umeshika bangili zote kumi, alizokuwa amezikusanya baada ya michezo na kuzivaa mwenyewe.

"Mutahi!" aliita kwa sauti ya chini. Mutahi alikuja mbio. Alipoelezwa, alikuna kichwa.

"Si turudishe tu? Ilikuwa kumi. Tufunge kumi."

"Ipi?"

"Yoyote! Maji ni maji. Wewe Mbona, ukisema, watamwaga yote wachemshe upya. Kuni zenyewe zimelowa. Safari imekwisha, na kikosi kizima kitakununia."

Monicah alifumua bangili. Alifunga mtungi wa kwanza. Huo aliukumbuka, ulikuwa na ufa kwenye kifuniko. Wa pili aliukumbuka pia. Wa tatu alidhani anaukumbuka. Mbele ya wa nne mkono wake ulisimama. Alifungua kifuniko, akanusa, akachungulia. Maji yalikuwa safi, baridi, hayana harufu. Alifungua wa tano. Yalikuwa sawasawa kabisa. Huko nje watoto sitini walikuwa wamekwisha kupanga foleni, chupa mikononi, wakiimba.

Guka Wambugu aliinama mlangoni, akaingia na kata na mpare wa kumiminia maji chupani.

"Ah, Monicah! Umekuja kunisaidia?"

Neno "ndiyo" lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Mutahi alimkanyaga kidole cha mguu. Monicah aliuvuta mguu wake.

"Hapana, guka. Jana nilifungua nyuzi zote nikatengeneza bangili. Sasa sijui mitungi ipi ilichemshwa. Nilikuwa naifunga kwa kubahatisha."

Guka Wambugu hakupiga kelele. Aliitazama mitungi, akamtazama Monicah, kisha akaweka kata chini.

"Nyaguthii!" aliita. "Washa meko yote matatu."

Kikosi chekundu kilinuna, kama Mutahi alivyosema. Msichana mmoja alisema kwa sauti, "Safari nzima kwa sababu ya bangili!" Monicah alielekea mekoni. Alibeba kuni, akapuliza moto hadi machozi yakamtoka, asijue ni ya moshi au ya aibu. Baada ya muda Mutahi naye alikuja na mzigo wa kuni begani.

"Guka," Monicah aliuliza hatimaye, "nani aliyeanzisha mambo ya uzi?"

Guka Wambugu alisukuma ukuni ndani ya meko. "Zamani hatukuwa na uzi. Nilisema kichwa changu kinatosha. Dereva aliyeendesha lori miaka thelathini asahau mitungi michache? Mwaka mmoja nikachanganya. Watoto kumi na mmoja wakaugua homa ya matumbo."

"Wakapona?"

"Walipona, Mungu ni mwema. Hakuna aliyejua kosa ni la nani. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikwenda kwa wazazi wao nyumba kwa nyumba, nikasema ni mimi. Nilidhani watanifukuza. Badala yake huyu Nyaguthii alinikatia uzi akaniambia, mwaka ujao uje, na uje na akili." Alicheka kidogo. "Ukiuliza tena kwa nini sikai nyumbani kuota moto, jibu ndilo hilo."

Walianza safari saa nane. Maporomoko hayakufikika, walifika kwenye kijito cha kwanza tu, wakala mikate yao juu ya mawe na kurudi kabla ya giza. Lakini walipotoka kambini, kila chupa ilikuwa na maji yaliyochemshwa, na vishikio vya mitungi ya maji ya kunywa vilikuwa na nyuzi mpya.

Kabla hawajaondoka, Guka Wambugu alikuwa amempa Monicah donge la sufu nyekundu ili azifunge mwenyewe. Alipomaliza mtungi wa mwisho, babu alijaribu fundo kwa kidole.

"Sikiliza, Monicah. Leo umepoteza maporomoko, na najua yamekuuma. Lakini watoto sitini watalala wazima kwa sababu ulisema ukweli kabla ya chupa kujazwa, si baada ya mtu kuugua. Hilo ni jambo kubwa. Na usiache kuuliza mbona. Ila siku nyingine, uliza kabla ya kufungua."

"Ndiyo, guka," alisema Monicah. Kisha hakuweza kujizuia. "Guka, mbona mlichagua rangi nyekundu?"

"Kwa sababu," Cucu Nyaguthii alipaza sauti kutoka mekoni, "nilipomfumia Wambugu sweta, sufu iliyobaki ilikuwa hiyo tu!"