Chuma cha Barabara ya Nzega

"Usimguse, Levina. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mzee."

Sauti ya Mzee Sabiri, mkuu wake wa kazi, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. Levina alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma, ikaiacha Isikizya nyuma. Mbele yake Prado nyeupe ilikuwa ikikimbilia Nzega.

Ndani yake alikuwa Kornel.

Kornel ndiye aliyeleta vyuma vya kingo vilivyofungwa kandokando ya barabara hii. Vilikataliwa ng'ambo kwa ubovu. Akaviingiza kwa magendo kupitia ziwani na kuvipiga mhuri bandia. Gari likigonga ncha ya chuma kizuri, ncha hujikunja na watu wakapona. Ncha ya Kornel haijikunji.

Inaingia garini kama mkuki.

Ilimkuta Mwanajuma, fundi cherehani wa Tabora mjini. Ilimkata mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Alipodai fidia mahakamani, Kornel aliapa kwamba hakujua lolote. Kosa, alidai, lilikuwa la dereva wa gari alilopanda Mwanajuma. Bila ushahidi kwamba alijua, Mwanajuma angerudi nyumbani mikono mitupu. Na sasa Kornel alikuwa anawahi ndege Mwanza.

"Maneno ya kulazimishwa jaji atayatupa," Mzee Sabiri aliendelea. "Bastola ibaki kwenye ala. Kamera iwe inawaka."

Levina aligusa kamera ndogo kwenye kola yake, iliyokuwa ikirusha picha na sauti mpaka ofisini kwa Mzee. Taa nyekundu iliwaka.

Simu yake ikalia. Kwa miezi kadhaa alikuwa amejifanya mnunuzi wa vyuma, na Kornel alikuwa na namba yake.

"Dada Levina! Kumbe mteja wangu ni mtu wa usalama? Ungesema mapema, ningekupunguzia."

"Simama, Kornel. Mwanajuma anakusubiri mahakamani."

"Yule wa cherehani? Mwambie anunue ya umeme. Ile haitaki miguu."

Akacheka mpaka akapaliwa. Alikuwa anatafuna karanga.

Levina aliitazama barabara. Njia hii ya zamani ya misafara ilishapitisha binadamu waliouzwa kama mizigo. Huyu naye alikuwa ameuza watu, tena huku akitafuna.

"Mungu wangu, uzuie mkono wangu," alisali.

Akakata simu. Akakanyaga.

Mbele kulikuwa na daraja. Upande wa kushoto, kabla ya daraja, chuma cha kingo kilianzia. Ncha yake iliyatazama magari yanayokuja.

Levina alitoka kulia, akaja sambamba na Prado. Hakumbana. Nafasi aliyomwachia ingepitisha lori la tumbaku.

Kornel aligeuza macho. Akaiona ile ncha.

Breki zililia.

Prado iliserereka, ikazimika katikati ya lami. Kornel alichomoka, akavuka barabara mbio, akaanguka vumbini.

Levina alisimamisha gari na kushuka taratibu, mikono wazi.

"Unataka kuniua!" Kornel alifoka.

"Kwa lipi? Barabara ni pana. Na hata ungekigonga, si chuma cha kukuokoa hicho?"

"Kuniokoa? Kile kinapasua gari! Kinaingia mpaka kwenye kiti!"

"Nani kakuambia?"

"Nani aniambie! Walikijaribu kiwandani mbele ya macho yangu. Kikatoboa gari mbele mpaka nyuma! Ndiyo maana waliniuzia kwa bei ya kutupa..."

Macho yake yakashuka kwenye kola ya Levina.

Aliiona ile taa nyekundu.

"Dada yangu," alisema, sauti imekuwa laini, "tuongee kindugu."

"Mimi si dada yako."

Levina alibonyeza redio. "Mzee, umepata?"

"Kila neno. Polisi wako njiani. Wakili wa Mwanajuma yuko hapa, anasema sasa huyo hana pa kutokea." Mzee Sabiri aliongeza. "Mwanajuma naye yupo. Anauliza, huyo bwana ameumia?"

Levina alimtazama Kornel. Vipande vya karanga vilikuwa vimemganda kidevuni.

"Hajaumia."

"Anasema alhamdulillahi."

Polisi walipofika, Kornel alikuwa bado amekaa vumbini, mbali na chuma chake. Aliomba maji. Levina alimpa chupa nzima bila kumtazama usoni.

Kisha akarudi kwenye gari lake. Akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho na kumwombea Mwanajuma. Alijaribu kumwombea na Kornel. Maneno hayakuja.

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akawasha gari na kuelekea Tabora.