Doki Iliyorukwa

Ilianza na harufu ya udongo mbichi. Msiniambie ni mvua. Watu wa Kolwezi mvua tunaijua, na mwezi huo wa kwanza ilikuwa inatupiga kila siku. Hii ilikuwa harufu ya udongo wa chini kabisa, ambao jua halijawahi kuuona, na ilitoka kwenye meza ya tisa, ndani ya ofisi yenye vigae vyeupe ambako hata viatu vya mgodi vinavuliwa mlangoni.

Darlène, msichana aliyepewa meza hiyo wiki moja tu kabla, alifikiri kuna panya amekufa. Akainama, akanusa huku na huku, mpaka pua yake ikafika kwenye doki.

Kwa asiyeijua, doki ni kiboksi cheusi cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa. Unachomeka laptop yako kwa waya mmoja, nayo inakupa skrini mbili, kibodi, intaneti, umeme na sauti. Kila mtu anaisifu laptop yake. Doki hakuna anayeisalimia. Lakini na yenyewe ina akili yake, programu ndogo inayolala humo ndani, na programu hiyo lazima isasishwe kila mara. Usipoisasisha inazeeka, inatoboka matundu, na kitu chochote kinaweza kupenya. Hayo si maneno yangu. Ni ya Jémima, fundi wa kompyuta wa ofisi ile, aliyekuwa akiyahubiri kila Jumatatu. Na mhubiri, mnajua wenyewe, mara nyingi hasikilizi mahubiri yake.

Ofisi ilikuwa ya kampuni ndogo inayopima ardhi kwa ajili ya migodi. Doki zilikuwa thelathini na mbili. Mara tatu katika mwaka uliopita Jémima alipewa kazi ileile: sasisha zote, jaza orodha, mpe chef Kazadi, mkuu wa ofisi, asaini. Ni kazi ya kuchosha. Kila doki inataka dakika ishirini zake, laptop ikiwa imechomekwa, na umeme usikatike hata kidogo. Ukikatika katikati, kiboksi kinakufa. Alizifanya thelathini. Mbili aliziruka, mara zote tatu, na mbele ya zote mbili akaandika kwenye orodha: à jour, yaani imesasishwa.

Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Hiyo aliiruka kwa uvivu tu, mganga hajigangi. Ya pili ilikuwa ya meza ya tisa, na hiyo aliiruka kwa heshima, kwa sababu ilikuwa meza ya Stany.

Stany alikuwa mpimaji. Mwezi wa tatu wa mwaka uliopita alishuka kwenye shimo la wachimbaji wa mikono, upande wa barabara ya Mutshatsha, kupima ufa, na shimo likamfunika. Sasa, kuna desturi mashimoni. Shimo likianguka, walio juu wanagonga bomba mara tatu, kisha wanatega sikio. Wa chini akiwa hai, naye anagonga mara tatu. Na anayesikia lazima ajibu, maana kujibu ni kumwambia: tunakuja, ngoja. Stany aligonga siku mbili. Siku mbili walimjibu. Siku ya tatu mvua ikajaza shimo, mashine zikageuka kurudi, watu wakaenda nyumbani kula bukari yao. Mwili haukutoka. Kilio kilifanyika bila jeneza, na kilio cha namna hiyo hakuna anayejua kimeisha lini, kwa hiyo vitu vya Stany havikuguswa. Kikombe chake kilibaki pale, na kalamu zake, na doki yake, miezi kumi.

Ndipo akaja Darlène, mtoto wa mchimbaji wa Fungurume. Mtu asiye na habari. Alisukuma kikombe pembeni, akachomeka laptop yake, akavaa vipokea sauti masikioni aandike ripoti kwa utulivu.

Siku ya nne tangu harufu ianze alimfuata Jémima jikoni, pale wanapopashia chakula. Alimwita yaya, dada mkubwa, kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni.

“Yaya Jémima, kuko mutu anapiga mule ndani.”

“Mule wapi?”

“Mu ma-écouteurs,” alisema, akigusa masikio. “Anapiga mara tatu, anangoja. Mara tatu tena, anangoja.”

“Ni waya tu. Nitabadilisha.”

“Yaya, mi nilimujibia.”

Jémima aliweka sahani chini. “Ulimujibia na nini?”

“Na bic. Ku meza. Sikutaka. Mukono ulienda wenyewe.”

Na alisema kweli. Baba yake alimfundisha mdundo ule kabla hajamfundisha Baba Yetu. Mtoto wa mashimoni akisikia mara tatu, anajibu. Hata usingizini anajibu.

Tangu saa hiyo pumzi ya Darlène ilianza kupungua. Kwanza alikohoa kidogo saa nne asubuhi, akanywa maji. Kesho yake alikohoa kuanzia saa nne mpaka saa sita, na kitambaa chake kikawa na vumbi jekundu. Hospitalini walimpiga picha ya kifua, wakamwambia mapafu ni safi, labda ni hofu ya kazi mpya. Mwisho wa wiki ya pili midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kukaa katikati. Walimpeleka nyumbani kwake, mtaa wa Manika, apumzike, lakini kule pia, saa nne ikifika, alianza kutafuta hewa kama amefungiwa ndani ya gunia.

Jémima hakuwa mtu wa kuamini mambo haya. Alikaa kwenye meza ya tisa na laptop yake mwenyewe, akafungua programu ya kusasisha, akaona tarehe: mwezi wa tatu, mwaka uliopita. Akaanza. Ilipanda vizuri mpaka tisini na saba kwa mia, ikajizima, ikawaka, ikarudi mwezi wa tatu. Akarudia. Ikarudi mwezi wa tatu. Halafu ile taa ndogo ya mbele, ambayo kazi yake ni kuwaka tu na kutulia, ikapepesa mara tatu, ikangoja. Jémima alibana mikono yake kwapani, akaondoka akitembea kinyumenyume.

Mama Mbayo alikuwa akimtazama. Mama huyu alikuwa msafishaji wa ofisi, mjane wa mchimbaji, mzaliwa wa Mutshatsha, mwenye ulimi ambao hata chef Kazadi aliukwepa. Hakuwa mganga na hakupenda kuitwa hivyo. Lakini alikuwa amezika watu wengi wa mashimoni, na hao alijua namna ya kusema nao.

“Kwetu, mutu akienda safari, anaacha mwenzake wa kuwasha mbabula mu nyumba kila magaribi,” alisema, akikamua tambara lake. “Nyumba ya kukosa moto, mwengine anaingiaka. Hii kintu, nani alikuwa anaichungaka?”

“Mi,” alisema Jémima.

“Na uliichunga?”

Jémima aliinama akatazama vigae.

“Basi ameingia. Na si mukishi, si pepo mubaya, mama, usiogope hivyo. Ni mutu anangoja. Mulimugongea ‘tunakuya’, kisha mukaenda kwenu. Nani alienda ku mudomo wa shimo kumuambia ‘tuliacha’?”

“Hakuna mutu.”

“Njo vile. Sasa huyu mutoto amemujibia tena. Anawaza banakuya kumutosha mu shimo. Anangoja, na juu ya kungoja anahitaji pumuzi, na yake iliisha. Njo anakamata ya mutoto.”

Wakapatana Jumamosi saa sita mchana, ofisi ikiwa tupu. Darlène aliletwa na teksi, akabebwa ngazi zote, kwa sababu yeye ndiye aliyemjibu yule mtu, na laptop yake ndiyo doki ingeikubali. Chef Kazadi alikuja pia. Hakualikwa, lakini funguo za groupe, ile mashine ya umeme ya uani, zilikuwa mfukoni mwake, na alitaka kuona kwa macho yake ni kitu gani kinachomlazia wafanyakazi. Mama Mbayo alimpa Jémima agizo moja: wakati programu inapanda, amwambie Stany ukweli wote, bila kubakiza, halafu agonge mara moja tu, alama ya kwamba hakuna tena anayekuja.

“Usichanganye na uongo. Batu ba chini banasikia uongo mbio kuliko siye.”

Saa sita na robo Jémima alibonyeza. Kumi. Ishirini. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati na chumba kikawa na giza la saa kumi na mbili. Harufu ya udongo ilijaa. Darlène alikuwa kwenye kiti, kichwa nyuma, akivuta hewa kwa mdomo, na kila akivuta, kitu kiligonga mara tatu, kwanza kwenye vipokea sauti vilivyolala mezani, baadaye kwenye mbao za meza yenyewe.

Kwenye hamsini na nane umeme wa mji ulikatika. Skrini zote za ofisi zilikufa, taa zilikufa, friji ya jikoni ilinyamaza, na Jémima akashika kichwa kwa sababu alijua doki imekwenda na Darlène amekwenda nayo, lakini alipotazama aliona taa ya doki ya meza ya tisa bado inawaka, bila umeme wowote kwenye ukuta, na kwenye laptop namba bado inapanda, hamsini na tisa, sitini, sitini na moja, na sasa kule kugonga kulitoka chini ya vigae, chini ya viatu vyao, kukizunguka meza polepole, na vumbi jekundu likawa linatoka kwenye maungio ya vigae vyeupe, kidogo kidogo, mara tatu, likitulia, mara tatu, na chef Kazadi, aliyekuwa ameahidi kukimbilia groupe umeme ukikatika, alisimama pale na tochi ya simu mkononi, hajui tena uani ni upande gani.

“Sema,” alinong'ona Mama Mbayo.

“Stany,” alisema Jémima. “Ni mi, Jémima. Kintu yako sikuichunga. Mara tatu niliandika à jour, na ilikuwa uongo. Niliruka meza yako.”

Kugonga kulisimama.

“Ni ile tu?” aliuliza Mama Mbayo.

Jémima aliinua macho. Tochi ya Kazadi ilikuwa inammulika usoni. Alifikiria watoto wake wawili na mama yake mzee, wote wakila kutoka mkono wake. Uongo mmoja, aliosema kwa ajili ya marehemu, chef angeusamehe. Wa pili, wa doki yake mwenyewe, wa uvivu, kwa jambo analolihubiri kila Jumatatu, asingeusamehe.

“Ni ile tu, Mama.”

Darlène aliacha kuvuta pumzi. Walingoja kuliko walivyotaka, naye hakuvuta hata mara moja.

“Basi mumalizie,” alisema Mama Mbayo.

“Stany, tuliacha. Mvua ilikuya, tukaacha. Hakuna mutu atakuya. Usitungoje tena, kaka. Tusamehe.” Jémima alikuwa analia wazi. Akakunja ngumi, akagonga meza mara moja.

Mia. Taa ya doki ilizima, ikawaka, ikatulia. Darlène aliinama mbele akatapika matope mekundu, kiganja kizima, kisha akavuta hewa ndefu kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, na akaomba maji. Kazadi akakumbuka groupe, akakimbia. Jémima alifungua ukurasa wa toleo: tarehe ya leo. Alimkumbatia Mama Mbayo, lakini mama yule hakufurahi sana. Alikuwa anayatazama matope.

“Amesikia,” alisema. “Yote.”

Wiki tatu zikapita. Darlène alinenepa, akarudi kazini, akawa anapanda ngazi huku anaimba. Walimpa meza nyingine, mbele ya ile ya Jémima, wawe wanatazamana. Mama Mbayo alikwenda Mutshatsha kwenye ndoa ya mjukuu wake. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Jémima alikuwa anakunywa chai aliposikia harufu ya udongo wa chini.

Ilitoka chini ya mkono wake.

Aliifungua programu haraka, vidole vikiteleza. Doki yake: mwezi wa tatu, mwaka uliopita. Akabonyeza kusasisha. Dirisha dogo likatokea na alama ya kijani na maneno mawili: à jour. Akabonyeza tena. À jour. Akachomoa, akachomeka, akabonyeza. À jour, kama alivyoandika mwenyewe, mara tatu.

Halafu meza ikagonga. Mara tatu.

Jémima alikalia mikono yake yote miwili. Alijua la kufanya, na ni dogo tu: asijibu. Angeweza kukaa hivyo mpaka jioni, mpaka Mama Mbayo arudi. Meza iligonga tena, kwa nguvu zaidi, ikangoja.

Mbele yake Darlène aliinua kichwa kutoka kwenye ripoti. Uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu aliyesikia jambo la nyumbani, na bic yake, kalamu ileile, ilikuwa mkononi.

Ilikuwa imebaki kumwambia Darlène neno moja: usijibu. Lakini mlango wa chef Kazadi ulikuwa wazi, na kulisema neno lile ofisi nzima ikisikia kungekuwa kueleza ni kwa nini meza ya fundi inagonga. Jémima aligeuka kuutazama mlango. Alitazama kwa muda wa pumzi moja.

Aliporudisha macho, bic ilikuwa inagonga meza kwa mara ya tatu.