Diski Iliyogonga

Damari alikuwa anachambua mchicha aliposikia mlio sebuleni. Tak. Tak. Tak. Kimya. Kisha tena, tak, tak.

Alimkuta kaka yake Gaspari, mgeni wao kutoka Misigiri, amesimama mbele ya kompyuta. Mlio ulitoka ndani ya eksteno, ile diski ndogo inayochomekwa kwa waya. Humo ilikuwamo sauti ya marehemu mama yao. Kabla ya kufa alitaja nani amlee Ritha, mjukuu wake yatima. Gaspari alitaka mtoto aende Misigiri. Damari alisema mama aliagiza abaki naye hapa Utemini. Kesho ukoo ungekaa kusikiliza. Kwenye simu Damari alishaifuta sauti hiyo ili apate nafasi. Ilibaki hii moja tu.

“Mama anagonga,” Gaspari alinong'ona. “Hataki tumsikilize kabla ya arobaini.”

“Mama hakuwahi kugonga mlango, kaka. Alikuwa anaita tangu barabarani.”

Gaspari hakucheka. Alishika waya, akauchomoa kwa nguvu. Nyumba ikanyamaza. Mlango ukafunguka polepole, na nje hapakuwa na mtu. Ni upepo tu.

Damari alipochomeka tena, mlio ulirudi, na kompyuta ikauliza: diski haisomeki, iandaliwe upya?

“Jibu ndiyo,” alisema Gaspari. “Tukiulizwa, tujibu.”

Damari akaiacha hivyo hivyo, akaenda kumwita jirani yao Scola, fundi kompyuta.

“Shikamoo, baba,” Scola alimwamkia Gaspari.

“Marahaba. Humo ndani kuna mtu.”

“Kuna waya uliochoka.” Scola alichomeka waya wake mfupi. Mlio ukakoma. “Diski ikikosa umeme wa kutosha hugonga. Ingeendelea, ningeizima palepale, iende kwa wenye vifaa vya kuifungua. Nani aliichomoa ikiwa inafanya kazi?”

Gaspari alitazama dari.

“Basi orodha yake imevurugika. Vitu vipo, ila kompyuta haijui vilipo. Mngejibu ndiyo, mngezidi kuharibu. Wala msiweke kitu kipya humo. Kitakaa juu ya cha zamani.”

Alinakili diski yote kwenye diski yake mwenyewe, kisha akatafuta ndani ya nakala. Ilichukua saa tatu. Sauti zilirudi bila majina, namba tupu. Damari alifungua ya kwanza. Kikohozi. Ya pili, mtu alikuwa anapumua, karibu sana, kwa muda mrefu.

Gaspari alirudi nyuma mpaka ukutani.

“Ni mama amelala,” alisema Damari. “Lakini hii niliifuta mwaka jana!”

“Kilichofutwa hakiondoki mara moja,” alisema Scola. “Hukaa mpaka kifunikwe na kingine.”

Walifungua nyingine, na nyingine. Kisha:

“Gaspari.”

Wote waligeuka kutazama mlangoni.

“Gaspari, najua utabisha. Ritha abaki kwa Damari, asome. Wewe utamletea mahindi.”

Gaspari alivua kofia. “Naam, mama.”

Kesho yake ukoo ulisikia, na Ritha akabaki. Siku hizi Damari huiamuru kompyuta iiachie diski kwanza, ndipo achomoe waya. Sauti ya mama ameiweka kwenye diski mbili, na nakala ya tatu ipo Misigiri, kwenye simu ya Gaspari. Gaspari huisikiliza mchana tu, watu wakiwepo. Na mahindi analeta.